Kufufua waipa za Morris kabla ya masika

Kila mwisho wa Februari, kaskazi ikianza kulegea, huchota ndoo ya maji mferejini, nikayamwaga yote juu ya kioo cha mbele cha Morris yetu, kisha nikawasha waipa. Miaka mingine mikono hupanda na kushuka vizuri. Miaka mingine hupanda nusu, ikatetemeka, ikasita. Afadhali nilijue hilo siku ile, jua linawaka na spana ziko karibu, kuliko kulijua Aprili niko njia ya Bububu hapa Unguja, mvua imefunga mbele na daladala inapiga honi nyuma.

Gari lenyewe ni Morris Minor 1000, alituachia marehemu baba. Aina hii ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1956 ikaendelea mpaka 1971. Waipa za hili letu nimeshazifungua mara nne, na kila mara nakuta jambo lile lile: hapa kwetu waipa haiuliwi na kazi, inauliwa na kukaa. Masika yakishapita Mei, mpaka vuli ije, watu hawaigusi swichi ile. Miezi yote hiyo kusi inavuma na chumvi yake, joto la dashibodi linaikausha grisi ndani ya mabomba ya waipa mpaka inakuwa kama sabuni kavu, na kutu inaingia polepole kwenye shafti. Mvua ya kwanza ya vuli ikianguka, dereva anawasha, na mota inajikuta inasukuma kitu kilichoganda.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yalinigharimu. Mwaka wa kwanza baada ya kuachiwa gari, waipa zilisimama. Fundi mmoja mjini akaniambia mota imekufa, akanitafutia nyingine iliyotumika, nikalipa. Ilikwenda siku tatu, ya nne ikaanza kunuka, ya tano ikaungua. Mota zote mbili zilikuwa nzima kabla ya kulazimishwa. Kilichokuwa kibovu ni kebo inayoendesha waipa, iliyokwama ndani ya bomba lake, na hakuna aliyeichomoa kuiangalia. Ile mota ya mwanzo, iliyoambiwa imekufa, niliisafisha baadaye mwenyewe. Ndiyo inayofanya kazi mpaka leo.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na haraka ya gereji: mota tunaifikia mwisho.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960, Morris Minor na Mini yakiwemo, yanatumia mota ya waipa ya Lucas. Ndani yake mna gia inayobadilisha mzunguko wa mota kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Mwendo huo unasukuma na kuvuta kebo ngumu, nyembamba kidogo kuliko penseli, iliyozungushiwa waya kwa nje mithili ya springi. Kebo inapita ndani ya bomba la chuma chini ya kioo. Njiani inakutana na viboksi viwili vidogo, na ndani ya kila kiboksi mna gia ndogo ambayo meno yake yanaingia katikati ya mizunguko ya ule waya. Kebo ikienda, gia inazunguka upande huu. Kebo ikirudi, inazunguka upande ule. Shafti ya gia hiyo ndiyo inayotokeza nje ya bodi, na mkono wa waipa umeshikwa hapo.

Ukiuelewa mlolongo huo, umeshamaliza nusu ya kazi. Mota, kebo, viboksi, mikono, mpira wa kufutia kioo: kila kimoja kinaweza kumzuia mwenzake, na lawama yote huishia kwa mota kwa kuwa ndiyo inayonuka.

Kama gari lako ni Volkswagen la kobe, halina kebo, lina vyuma vya kuunganisha vyenye bushi. Land Rover za mwanzo nazo ni tofauti, mota yake imekaa juu ya fremu ya kioo chenyewe. Shemeji yangu wa Wete anayo moja, na huko Pemba mvua ni nyingi kuliko Unguja, tena barabara ni za vilima, hivyo waipa si jambo la kuahirisha. Yake ilikuwa imelala chini ya mwembe mwaka mzima. Tulifungua mota tu pale pale juu ya fremu, tukaisafisha, ikaamka kabla ya adhuhuri. Sehemu za umeme, mota na mpira hapa chini zitakufaa hata kama huna kebo.

Kwanza sikiliza, usifungue kitu

Washa swichi ya gari, kisha ya waipa, ukiwa umelowesha kioo. Usiwashe waipa kwenye kioo kikavu hata kwa majaribio, kwani vumbi na chumvi vitakwangua kioo na mota itabeba mzigo usio wake.

Ikiwa kimya kabisa, angalia geji ya mafuta na taa za indiketa. Kwenye Morris vitu hivi vinapata umeme kutoka fyuzi moja na waipa, ile iliyopo kati ya alama A3 na A4. Vyote vikiwa vimekufa pamoja, usihangaike na waipa, shughulika na fyuzi. Mara nyingi fyuzi yenyewe ni nzima, ila vishikio vyake vimeota ukijani wa chumvi. Toa fyuzi, visugue vishikio kwa msasa laini mpaka shaba ing'are, pakaza grisi kidogo sana, rudisha. Fyuzi ni ya amperi 35. Usiweke karatasi ya sigara wala kipande cha waya mahali pake, nyaya za gari hili zimezungushiwa kitambaa na zina umri wa wazee wetu.

Ikiwa geji na indiketa zinafanya kazi lakini waipa ziko kimya, dhania masi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Kwenye mota hizi waya wa kijani unaleta umeme moja kwa moja kutoka kwenye fyuzi, na swichi ya dashibodi kazi yake ni kuufikisha kwenye bodi ili mzunguko ukamilike. Kwa hiyo, swichi ya gari ikiwa imewashwa, chukua kipande cha waya na uguse ule waya wa mota unaokwenda kwenye swichi ya waipa, ncha ya pili ukaiguse kwenye chuma kitupu cha bodi. Mota ikizunguka, ubovu uko kwenye swichi au waya wake. Isipozunguka, ongeza waya mwingine kutoka kwenye ganda la mota hadi kwenye bodi, ujaribu tena. Rangi iliyopigwa juu ya rangi, na kutu chini ya skrubu za kufungia mota, hukata masi bila mtu kujua. Kwangu mimi mara moja tiba ilikuwa kufungua skrubu, kukwangua rangi kwa upana wa shilingi moja, na kufunga tena.

Ukisikia mota inaunguruma lakini mikono haisogei, kebo imeachana na gia. Mkono mmoja ukienda na wa pili ukabaki, meno ya shafti ya ule uliobaki yamekwisha, au mkono wake haukushika. Na zikienda taratibu, zikiwa nzito, mota ikipata joto na kunuka, hapo ndipo penye ugonjwa wetu wa visiwani. Zima mara moja. Kila dakika unayoilazimisha ni dakika ya kuunguza nyaya zake.

Kutoa betri na mikono

Kabla ya kufungua chochote, ondoa waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Angalia vizuri ni upi. Morris nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na masi ya chanya, yaani nguzo ya + ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Fundi kijana aliyezoea Toyota atakwenda kwa mkono kwenye hasi bila kutazama, spana yake ikagusa bodi, na cheche zikaruka.

Tandika tambara nene juu ya rangi na kwenye ukingo wa kioo. Mkono wa waipa umeshikwa kwenye shafti kwa kijichuma cha springi. Kiinue kwa bisibisi ndogo huku ukiuvuta mkono juu taratibu, ukiuchezesha kushoto na kulia. Ukikataa, tia oili nyepesi ya kulegezea kutu, uuache mpaka kesho yake. Usiutegemeze bisibisi kwenye kioo. Kioo cha zamani kinaweza kumwagika chote kwa pigo moja, na si kitu cha kukipata dukani hapa.

Kabla ya kuutoa kabisa kila mkono, piga picha ya mahali ulipolala, au bandika kipande cha utepe kwenye kioo. Utanishukuru mwishoni.

Mikono ikishatoka, shika ncha za shafti kwa vidole na ujaribu kuzichezesha. Zinatakiwa zicheze kidogo sana tu. Zikiyumbayumba pande zote, kiboksi kimekwisha.

Kuipima kebo kwa mizani ya samaki

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo ukweli unapojulikana.

Tafuta mota ilipo. Kwenye magari mengine iko chini ya boneti ukutani, kwenye mengine imejificha nyuma ya dashibodi. Usibahatishe, fuata bomba: linaanzia kwenye kiboksi cha kwanza chini ya shafti na kuishia kwenye mota. Juu ya sehemu ya gia ya mota pana kifuniko chenye skrubu. Kabla ya kukifungua, chora mstari kwa msumari au kalamu ya rangi kuanzia kifunikoni hadi kwenye ganda, ukipita kwenye ile kofia ya mviringo iliyo juu yake. Kofia hiyo ndiyo inayoamua mikono isimame wapi ukizima swichi, na ukiipoteza alama utapoteza nusu saa kuitafuta.

Fungua kifuniko. Utaona gia kubwa, mkono mdogo wa chuma, na kichwa cha kebo kilichoshikwa na mkono huo. Ondoa kijipete cha kushikilia, inua mkono mdogo, kebo itakuwa huru. Sasa funga uzi imara kwenye kichwa cha kebo, uning'inize mizani ya springi, ile wanayopimia samaki, uvute kwa mstari ulionyooka. Bila mikono ya waipa, kebo nzima inatakiwa iende kwa nguvu isiyozidi kilo 3 hivi. Yetu, mara ya kwanza nilipoipima, mizani ilifika kilo 9 na kebo haikusogea hata unyayo wa sisimizi. Nilikaa kitako pale barazani nikazikumbuka zile mota mbili.

Kama kebo inakwenda laini chini ya kilo 3, ugonjwa uko kwenye mota au umeme, nenda moja kwa moja huko. Kama ni nzito, endelea hapa.

Fungua nati kubwa inayolishika bomba kwenye mota, toa mota upande, kisha vuta kebo itoke yote. Ivute polepole, utaona shafti mbili za nje zikizunguka zenyewe. Ikikwama, usiivute kwa koleo. Tia mafuta ya taa kidogo kupitia mwanzo wa bomba, subiri, isukume ndani, ivute tena. Mara ya kwanza mimi ilinichukua kutoka alasiri mpaka adhana ya magharibi. Ilitoka na ganda la kahawia limeing'ang'ania, unaweza kulibandua kwa ukucha.

Ilaze kebo kwenye beseni la mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi isugue kwa mswaki wa zamani, ukifuata mzunguko wa waya, mpaka kila kishimo kionekane. Ipitishe kwenye vidole: mahali ambapo waya umelika na kuwa bapa ndipo gia ilipokuwa ikifanya kazi. Ukiikuta imepinda kwa kona kali au waya wa nje umekatika, hiyo haina dawa, agiza nyingine. Vipuri vya Morris bado vinatengenezwa na kuuzwa Uingereza, na kebo si kitu kizito kumtumia mtu anayekuja.

Mabomba nayo yasafishwe. Chukua mshipi wa kuvulia, upitishe ndani ya kila kipande cha bomba, funga kijitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa mwishoni, uvute. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Usisahau kipande kifupi cha bomba kilicho mbele ya kiboksi cha pili. Hapo ncha ya kebo huingia na kutoka, na hapo uchafu wote unaosukumwa miaka nenda miaka rudi hujikusanya kama kizibo. Kebo ikigonga kizibo hicho, mikono haimalizi mwendo wake na mota inalia kila ikifika mwisho. Baada ya mafuta ya taa, peleka mabomba kwa mtu wa kuziba pancha akupigie upepo wa kompresa, yakauke. Likiwa na mahali palipobonyea, badilisha. Bomba lililobonyea halinyooki kwa nyundo.

Viboksi na maji yanayodondokea miguu

Kila kiboksi kina kibati cha nyuma kilichofungwa kwa nati mbili ndogo. Fungua, safisha gia kwa mafuta ya taa, ichunguze. Gia hii haizunguki mzunguko mzima, inatumia upande mmoja tu wa meno yake maisha yote. Kwa hiyo kama meno yamelika upande huo, unaporudisha kebo geuza kila shafti nusu mzunguko, upande mpya uanze kazi. Na kebo yenyewe unaweza kuigeuza ili gia ishike mahali pasipolika. Ni akiba iliyokuwa imelala ndani ya gari lako siku zote.

Shafti inapopita kwenye bodi pana mpira wa kuzuia maji. Baada ya miaka ya jua mpira huu unakuwa mgumu, unapasuka, na mvua inapenya chini ya dashibodi hadi kwenye nyaya na magoti ya abiria. Watu wengi hudhani kioo ndicho kinachovuja. Badilisha mipira hii ukiwa umeshafungua, na upake grisi kidogo kwenye shafti yenyewe kabla ya kuirudisha. Nati za kibati cha nyuma zikaze kwa kiasi. Ukizikaza kwa nguvu, mdomo wa bomba unaminywa na kebo inabanwa tena, na kazi yote ya jana imekwenda bure.

Sasa mota

Hata kama kebo ndiyo iliyokuwa na kosa, mota iliyobebeshwa mzigo miaka mingi inastahili kusafishwa. Ilete mezani, tandika kitambaa cheupe, uweke kila skrubu kwa mpangilio iliyotoka.

Grisi ya zamani kwenye gia ikwangue yote kwa kijiti cha mbao, osha kwa mafuta ya taa, kausha. Angalia meno. Halafu fungua zile bolti mbili ndefu za nyuma, toa kifuniko taratibu ukiangalia brashi zisichomoke na kupotea. Brashi ni vipande viwili vya kaboni vinavyogusa komuteta, ile sehemu ya shaba yenye mistari mwishoni mwa roto, yaani kiini cha mota kinachozunguka. Zikiwa fupi mpaka springi haizigandamizi vizuri, weka mpya. Zikiwa na urefu wa kutosha, zifute tu na uhakikishe zinateleza bila kukwama.

Komuteta ikiwa nyeusi, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa petroli kidogo, nje ya nyumba, mbali na jiko. Ikikataa, tumia msasa laini kabisa wa karatasi ya mchanga, ukiuzungusha sawasawa. Usitumie msasa mweusi wa chuma, kwa kuwa chembe zake zinapitisha umeme na zikibaki katikati ya vipande vya shaba zitaunganisha visivyotakiwa kuungana. Kisha kila mfereji mdogo kati ya vipande vile upitishe ncha ya sindano. Mimi natumia sindano ya kushonea kofia, naiazima kwa bi mkubwa wangu, ni nyembamba na haipindi. Utashangaa unga mweusi unaotoka. Unga huo wa kaboni peke yake unatosha kuifanya mota iwe mvivu.

Ndani ya mota tia tone moja moja la oili nyepesi kwenye bushi, basi. Oili ikimwagikia brashi, umeharibu. Kwenye gia weka grisi ya beringi, kiasi cha kufunika meno. Usitie mafuta ya kupikia wala mafuta ya nazi, hata kama mzee fulani amekwambia alifanya hivyo. Yataganda upya kwenye joto la dashibodi na utarudi mwanzo.

Ubavuni pana skrubu yenye nati ya kufungia, inayozuia roto isicheze mbele na nyuma. Ikaze kwa vidole mpaka iguse, kisha irudishe nyuma kidogo mno, roto ibaki na mchezo wa robo milimita hivi, ndipo ufunge nati. Ikibana, mota itapata joto bila kazi. Ikilegea, utasikia inagonga kila inapogeuka.

Ijaribu mezani kabla ya kuirudisha, kwa betri na mita yako ya umeme, ikiwa bila kebo. Ikishapata joto kidogo inatakiwa ivute kama amperi 3. Ikivuta zaidi sana na kila kitu ni kisafi, nyaya za ndani zimeungua, na hapo kweli mota imekufa.

Neno kwa wale waliobadilisha masi ya gari kuwa hasi ili wafunge redio au altaneta ya kisasa: mota hizi za zamani zenye koili badala ya sumaku huzunguka upande ule ule hata ukigeuza nguzo za betri. Zile zilizokuja baadaye, zenye sumaku ya kudumu, hugeuka. Jua uliyonayo ni ipi kabla ya kushangaa.

Kurudisha

Pakaza kebo grisi ya beringi kwa vidole, ijaze vishimo vyote vya waya, iwe nyembamba kwa nje. Iingize kwenye bomba polepole, ukizungusha shafti kwa mkono kila inapofika kwenye kiboksi ili meno yashikane yenyewe. Usiisukume kwa nguvu. Ikifika mwisho, rudia ile mizani ya samaki. Yetu siku ile ilisoma kilo 2. Nilimwita mwanangu aje aone sindano ya mizani ilipo.

Funga nati ya bomba, rudisha kichwa cha kebo na kijipete chake, funika gia ukiangalia mstari ulioukwangua. Unganisha betri. Washa waipa bila mikono, shafti zizunguke mara kumi hivi, kisha zima kwa swichi ya waipa, si kwa ufunguo wa gari. Shafti zitamaliza mwendo na kusimama mahali pake pa kupumzika. Ndipo uvalishe mikono, ikiwa imelala chini kama kwenye picha uliyopiga. Watu wengi huivalisha shafti zikiwa zimesimama katikati, na mara ya kwanza wakiwasha, mkono unapiga fremu.

Kama mikono inasimama juu kidogo au inarudi tena baada ya kuzima, legeza skrubu za kifuniko na uzungushe ile kofia ya mviringo kiasi kidogo, jaribu, zungusha tena.

Mpira na kioo

Pima urefu wa mpira wa zamani kwa futi ukiwa dukani, usimtegemee muuzaji kwa jina la gari. Mpira wa gari la kisasa unaweza kuukata kwa wembe ukaingia kwenye kishikio cha zamani, mradi upana ni mmoja. Ukunje kati ya vidole: ukiacha mstari mweupe au mpasuko, usinunue hata ukiwa mpya, umekaa kwenye rafu muda mrefu.

Kioo kioshe kwa maji baridi na sabuni, halafu siki na gazeti. Utomvu wa mwembe unatoka kwa mafuta ya taa kidogo, ukauoshe baadaye.

Kusi ikishika kasi Juni, inua mikono, weka kipande cha kadibodi chini ya mpira usigande kwenye kioo. Na kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, mimi hushusha mikono, humwaga kopo la maji juu ya kioo, nikawasha waipa zipige mara ishirini, ili grisi iendelee kutembea ndani ya bomba mpaka vuli ifike.